Skauti wa Ndani ya Geti

Mimi nilikuwa matroni wa bweni la wasichana hadi nikastaafu, na hakuna msichana aliyewahi kunitoroka. Haya, wapo wawili watatu, lakini hao waliruka ukuta upande wa jikoni, na jikoni hakukuwa eneo langu. Nasema mapema ili ijulikane kwamba aliyeachiwa watoto wa mdogo wangu likizo hii hakuwa mtu wa kuokotwa barabarani.

Watoto wenyewe ni wawili. Mkubwa ni msichana, tunamwita Kamanda, kwa sababu tangu ajue kusema anatoa amri tu. Mdogo wake wa kiume tunamwita Swali, na sidhani kama hilo linahitaji maelezo. Wote ni skauti. Likizo hii walikuwa waende kambini, ila kiongozi wao akavunjika mguu. Msidhani alianguka mlimani. Alianguka kutoka kwenye stuli akibadilisha balbu sebuleni kwake, mtu mwenye beji kifua kizima! Basi akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu: kambi imeahirishwa, uskauti uendelee nyumbani, wazazi washirikiane na watoto.

Wazazi gani? Mama yao, wifi yangu, ni muuguzi. Anatoka asubuhi, anarudi jioni miguu imevimba. Na baba yao, hapo ndipo penye maneno.

Baba yao, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha uchapaji. Nasema alikuwa. Kiwanda kilifungwa muda mfupi kabla ya likizo, na badala ya kumwambia mkewe, akaja kuniambia mimi nyuma ya nyumba, tukiwa tunaanua nguo.

"Dada, nakuomba. Usimwambie mtu mpaka nipate kazi nyingine."

"Hata mkeo?"

"Yeye angeelewa. Watoto, dada. Watoto ndio siwezi."

Nilijua anachosema. Siku watoto walipovishwa skafu, wazazi waliombwa neno, naye akasimama mbele za watu, shati limenyooshwa, akahutubia. Skauti hasemi uongo, alisema, hata uongo mdogo wa kumfurahisha mtu. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa skauti, na hadi leo hajui kudanganya. Watu wakapiga makofi. Kamanda alilia kwa furaha. Sasa huyo asiyejua kudanganya alikuwa kila asubuhi anavaa tai kama kawaida yake, anawaaga wanawe, "Baba anakwenda kazini," halafu anakwenda kukaa kwenye uwanja wa rafiki yake seremala, juu ya gogo, akitafuta matangazo ya kazi kwenye simu mpaka jioni.

Na uwanja huo uko wapi? Mwisho wa mtaa wetu! Mji wote huu, mtu anajificha mahali ambapo mkewe akipiga chafya anaweza kumwitikia. Nilimwambia hivyo. Akanuna.

Kwa hiyo kazi yangu ikawa moja tu: watoto wasitoke getini. Wakitoka watamwona, na wakimwona na tai yake juu ya gogo, ile hotuba yake imekwisha, na yeye pamoja nayo. Nilikuwa namwonea huruma, sikatai. Basi uskauti wa nyumbani ukanijia kama nimeuagiza.

Tulianza na hema. Mashuka yote ya nyumba yakahamia sebuleni, nikawa natambaa kwenda kuchukua miwani yangu. Tukaja kwenye mafundo. Siku hiyo nilisinzia kidogo kwenye kiti, na nilipotaka kuinuka, kiti kikainuka nami. Kamanda akaniambia hilo ni fundo zuri kwa sababu linakaza kadiri unavyovuta. Nikamwambia nimeliona.

Wana desturi yao nyingine. Asubuhi skauti anafunga fundo kwenye ncha ya skafu, na halifungui mpaka afanye tendo jema la siku. Mimi sina skafu, lakini Kamanda aliamuru nami nifunge kwenye ncha ya kitambaa changu cha kichwa. Nikawa napika na fundo, nafagia na fundo. Langu nilikuwa najifungulia tu jioni nikienda kuoga, sikuona sababu ya kumweleza mtu. Wao matendo yao mema yalikuwa ya kweli. Swali alitia mafuta bawaba za geti, ambalo kwa miaka lilikuwa likilia kila likiguswa. Nilimsifu sana. Mpumbavu mimi.

Halafu nikawafundisha mchezo wa sinia, ambao kiongozi wao aliueleza kwenye simu akiwa amenyoosha mguu wake wenye plasta. Unaweka vitu kwenye sinia, kijiko, kitufe, ufunguo, betri iliyokufa, wanaangalia, unafunika, wanataja. Unaondoa kimoja, wanakitaja kilichoondoka. Walikuwa wanakaa kimya asubuhi nzima, nami nakunywa chai yangu. Nikajiona nina akili.

Jioni moja tunakula, Swali akamtazama baba yake mikononi.

"Baba, mbona kucha zako safi?"

Jamani. Tangu nimjue huyu mtu kama fundi, kucha zake zilikuwa na wino, wino wa kuingia hadi kwenye ngozi. Hata siku ya harusi yake alikuwa nao.

"Kiwandani wameleta sabuni mpya," akasema.

"Sabuni gani?"

"Mpya."

"Inaitwaje?"

"Wewe, kula!" nikamkatiza.

Akala. Lakini Kamanda aliinama kama anayeokota kijiko, akatoa kwenye pindo la suruali ya baba yake kipande chembamba cha maranda ya mbao, kimejikunja, akakiweka pembeni mwa sahani yake. Wifi yangu aliendelea kupakua mboga. Mimi chakula kilinishinda.

Kesho yake nikapiga marufuku sinia. Nikasema sasa ni zamu ya kunyata, maana skauti hodari anatembea bila kusikika. Ukweli nilitaka usingizi wa mchana. Wakajifunza vizuri mno, hadi nikawa nashtuka nikiwakuta nyuma yangu. Kisha tukaja kwenye alama za njia, za kupanga kwa kokoto. Mshale maana yake pita huku. Msalaba maana yake usipite huku. Mviringo wenye kokoto moja katikati maana yake njia imeisha, nimerudi nyumbani. Nikawapa mipaka: kutoka mlango wa mbele hadi bombani, basi.

Ilipofika siku yenyewe, mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi. Nilikula, nikakaa kwenye kiti changu, nikawaambia nyateni huko nje nisiwasikie. Sikuwasikia.

Nilipozinduka, walikuwa wamechuchumaa mbele ya mlango wanapanga kokoto za mviringo. Viatu vyao vilikuwa na vumbi jekundu la barabarani, na kwenye nywele za Swali kulikuwa na maranda ya mbao.

"Mmetoka getini!"

"Ndiyo, shangazi," Kamanda akajibu. Hawa hawadanganyi, ndiyo taabu yao.

"Mmefika wapi?"

"Kwa seremala."

Nikainuka kitini. "Mmemwona nani huko?"

Wakatazamana. "Tuliahidi hatutasema," Kamanda akasema. "Na hatujasema, hata kwake. Tumepanga mawe tu."

Sikusubiri. Nilitoka mbio na kandambili mguu mmoja. Nje ya geti palikuwa na mshale umeelekezwa kwetu ndani. Mbele yake mshale mwingine, na mwingine, unafuata ukuta hadi kule mwisho wa mtaa. Nikaupiga teke wa kwanza, kokoto zikaruka. Nilikuwa najiandaa kwa wa pili Kamanda aliponishika mkono.

"Shangazi, acha. Mvua inakuja."

"Mvua ina nini?"

"Pale anapokaa hapana paa."

Nilisimama hapo na kandambili yangu moja. Nikainama, na mgongo wangu huu, nikarudishia kokoto nilizozipiga, moja moja, mpaka mshale ukawa mshale tena.

Tukamwona anakuja. Alikuwa ameinama, tai inaning'inia, anatazama chini, anasogea kutoka mshale hadi mshale. Watu wawili waliopishana naye waligeuka kumwangalia. Hakuwaona. Aliingia getini bila kunitazama, akaenda hadi mlangoni, akasimama mbele ya ule mviringo. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka.

Nilimtazama Swali. Midomo yake ilikuwa imefumbwa kabisa. Mtoto huyu aliyeniuliza kwa nini maji yanalowesha, siku hiyo hakuuliza neno.

"Nimerudi nyumbani," mdogo wangu akasema, akiisoma alama. "Wanangu, baba hana kazi. Nimekuwa nawadanganya."

"Tunajua, baba," Kamanda akasema. "Ingia ndani, unalowa."

Akaingia. Wale wawili wakashika ncha za skafu zao wakafungua mafundo, bila mbwembwe, kazi imekwisha.

Wifi alirudi jioni, mwavuli umegeuka nje ndani. Akauona mviringo mlangoni, akauzunguka taratibu asiuguse. Mumewe alikuwa amesimama tayari. Nilitaka kuondoka, akaniambia, "Dada, kaa." Akamwambia mkewe yote, kiwanda, gogo, tai, huku ametazama sakafu.

"Mashati yako nayafua mimi," wifi akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na machozi yamemlengalenga. "Mikono ya shati haina wino tangu lini? Na juu ya gogo nilikuona mwenyewe likizo ilipoanza, nikipita kwenda kazini. Nilikuwa nakusubiri uniambie wewe. Watoto waliponiletea habari ya kucha, nikawaambia nao wasubiri."

Mdogo wangu akanigeukia na jicho la kuuliza nani kauza.

"Mimi sikusema!" nikapiga kelele. "Haki ya Mungu sikufungua mdomo!"

"Hakusema, maskini," wifi akacheka, akijipangusa. "Hata sikujua kwamba anajua. Tulikuwa tunamficha yeye. Si ana presha? Tangu mwanzo niliwaambia watoto wamshughulishe na huo uskauti wao, asipate muda wa kutoka nje akakukuta kule."

Kushughulishwa. Mimi! Matroni! Nikafikiria hema, nikafikiria nilivyofungwa kwenye kiti, nilivyokunywa chai nikijiona nina akili. Niliwageukia wale watoto nikiwa nimejaa maneno.

"Shangazi," Kamanda akanitangulia, "fundo lako bado."

Nikapapasa kichwani. Kweli, lilikuwepo. Nyumba nzima, mimi ndiye niliyebaki na fundo. Nikaelekea jikoni kumpashia moto mdogo wangu chakula, kwa maana tangu aingie, katika maneno yote hayo, hakuna aliyemuuliza kama amekula. Nilipomwekea sahani mbele yake, alinishika mkono kidogo, akaanza kula kwa pupa ya mtu aliyeshinda njaa siku nyingi. Ndipo nikalifungua.