Mkono wa Tupo Umelala

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, Margareta alimkalisha binti yake juu ya meza ya kukatia vitambaa, akachukua futi yake ya ufundi na kuilaza kwenye mkono wa kulia wa mtoto, kuanzia kwenye kovu la kiwiko. Kisha akaanza kugonga ngozi kwa ncha ya kidole, taratibu, akishuka kuelekea kiganjani.

"Hapa," alisema mtoto. "Hapa panawasha."

Margareta aliweka alama kwa chaki ya kuchorea nguo. Milimita kumi na tisa. Jana zilikuwa kumi na nane. Aliandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, chini ya kiuno cha mama mmoja wa Mbande, halafu akageuza kiganja cha mtoto na kukuta kimelowa umande. Huo ulikuwa mwezi wa tisa, Chamazi haikuwa imeona hata manyunyu kwa wiki sita. Alikifuta kwa kipande cha poplini, akaenda kuchemsha chai.

Mtoto aliitwa Tupokigwe, lakini mtaa mzima ulimwita Tupo. Jina hilo liliwachosha walimu, maana mwalimu akiita "Tupo?" darasa zima liliitika kwamba lipo. Alikuwa na miaka saba na miezi michache. Mapema mwaka huo alianguka kutoka kwenye mpera wa jirani, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko, na kwenye zahanati iliyokuwa karibu wakamfunga ile plasta ngumu ambayo watu huiita hogo, kuanzia kwapani hadi kwenye vifundo vya vidole. Walilifunga likabana sawasawa.

Siku ya pili Tupo alimwambia nesi, "Mkono umelala."

"Basi vizuri," alijibu nesi. "Uache ulale. Ukilala hauumi."

Margareta alikuwepo, akashukuru. Kwenye faili nesi aliandika: *Mtoto analalamika. Anadeka.* Wiki ya sita hogo lilipokatwa, vidole vitatu, gumba na viwili vinavyofuata, vilikuwa vimepauka na havikusikia hata pini. Walimpa mpira wa kuminya. Kila waliporudi, aliyelifungua faili alisoma ukurasa wa kwanza, akatabasamu, akamwambia Tupo aache kudeka na aongeze mazoezi. Miezi saba iliisha hivyo.

Mpasuaji wa hospitali kubwa ya mjini, Daktari Ansbert, hakuuliza faili. Aligonga mkono, akasikiliza, akasema mshipa wa fahamu umekufa kipande cha sentimita tano. Aliufungua mkono, akakitoa kipande kilichokufa, akachukua mshipa mwingine kutoka nyuma ya mguu wa mtoto, chini ya goti, akauunga pale kwa uzi usioonekana kwa macho matupu. Mguu ungebaki na ganzi kidogo ukingoni mwa unyayo, lakini ungetembea.

"Mshipa unaota milimita moja kwa siku," alimwambia Margareta. "Kusikia kutarudi, nina hakika. Gumba ndilo sijui. Msuli wa gumba hauwezi kukaa bila mshipa siku zote, mama. Unasubiri, unasubiri, mwisho unakata tamaa. Na sie tumeshachelewa sana."

Kwa hiyo Margareta alikuwa akipima kila asubuhi. Alitaka mshipa ufike kwenye gumba kabla gumba halijakata tamaa. Hakutaka kitu kingine chochote duniani mwaka ule.

Kuhusu umande, alimpigia daktari simu siku ya Jumatatu.

"Huo mshipa umetoka mguuni," alisema Daktari Ansbert, nyuma yake zikisikika sauti za wodi. "Umetembea huo. Sasa ukihamishiwa mkononi lazima upite njia yake upya ndipo ufike. Mtoto alijifunzia kutembea wapi?"

"Tukuyu. Kwa mama yangu."

"Basi mvalishe glavu asubuhi. Na msitumie sabuni kali."

Margareta alikata simu, akarudi kwenye cherehani. Alikuwa amempeleka Tupo Tukuyu akiwa na miezi kumi, kwa sababu fundi aliyekuwa akimfundisha kazi hakutaka mtoto mgongoni mwa mwanafunzi. Alikusudia iwe miezi sita. Ikawa miaka mitatu. Hatua za kwanza za mwanawe alisimuliwa kwenye simu, mtandao ukikatika katikati, na hakuwahi kulisamehe jambo hilo, wala hakujua amlaumu nani.

Sasa hatua zilianza kumfikia Chamazi, moja moja, kila asubuhi, kwenye kiganja cha kulia. Milimita ya ishirini na tatu ilileta majani membamba ya ukoka na tope jeusi. Ya thelathini ilileta majivu ya jikoni, bado yana uvuguvugu. Siku moja kiganja kilijaa maganda ya maharage, na Margareta akajua kwamba siku ile mama yake alikuwa ameketi kizingitini akipukuchua, na mtoto akapita juu ya maganda makusudi ili asikie yanavyolia. Hakuambiwa na mtu. Yeye mwenyewe aliwahi kupita pale.

Tupo alikumbuka machache. "Hapo palikuwa na baridi," alisema. Au, "Hapo Bibi alikuwa ananifukuza, nikacheka." Na kadiri kiganja kilivyokumbuka, ndivyo ukingo wa unyayo ulivyozidi kusahau, mpaka akawa anavukwa na ndala upande mmoja bila kujua.

Jirani yao, Bi Yustina, mwenyeji wa Masasi aliyeuza miche ya maua barabarani, alikuja na kopo tupu la maziwa ya unga.

"Mama Tupo, huo udongo mnaumwaga?"

"Naukung'utia pale nje."

"Usimwage bwana, udongo mweusi hivyo! Sie huku tunalimia mchanga mtupu. Niwekee humu."

Margareta aliweka. Asmini za Bi Yustina zilistawi kuliko za mtu yeyote kuanzia Chamazi hadi Kongowe.

Milimita ya mia moja na kumi na mbili haikuleta udongo. Margareta alikigeuza kiganja, akakiona kinabonyea chenyewe, kidogo kidogo, kama unga unavyobonyea ukiubonyeza kuona umeumuka. Palibonyea mara tatu, pakatulia, pakabonyea tena.

"Bibi anagonga," alisema Tupo.

"Anagonga nini?"

"Mguu wangu ulikuwa umelala. Nilikaa vibaya. Bibi akasema ukilala unausalimia ndiyo unaamka. Anausalimia. Anasema *ugonile*."

Margareta aliiweka chini futi. *Ugonile* ni salamu ya kwao ya asubuhi, na maana yake ni umelala, yaani umeamkaje huko usingizini. Mama yake hakuwahi kusema ganzi hata siku moja. Nyumbani kwao hakuna kiungo kilichokufa ganzi. Kililala, na mtu akakigonga na kukisalimia mpaka kikaitikia. Margareta mwenyewe alikuwa amesalimiwa miguu utoto wake wote. Lakini alikuwa amekaa Dar miaka kumi na miwili, anasema ganzi kama wanavyosema wenzake, na siku ile kwenye zahanati mwanawe alipotamka maneno ya nyumbani, yeye, mtu pekee mle ndani aliyepaswa kuyaelewa, alimshukuru nesi.

Alilia, akiwa amekishika kiganja. Wateja wawili walioingia kuchukua sare za shule waliamkia, wakachukua sare zao, wakaondoka taratibu.

Milimita ya mia moja na arobaini ilileta udongo mbichi wa kaburi. Margareta aliutambua kwa maua ya karatasi yaliyopondwapondwa ndani yake. Kwenye mazishi ya mama yake alikuwa amechelewa; basi lililotoka Ubungo liliharibika Mikumi, na alipofika walikuwa wameshafukia, watu wamebaki kula. Hakuwahi kutupa udongo. Asubuhi hiyo Bi Yustina alikuja na kopo lake, akatazama kiganja, akamtazama Margareta, akarudi nalo likiwa tupu. Margareta aliuchukua udongo ule kwa mkono wake, akatoka nje, akautupa chini kama inavyotakiwa, akasema maneno aliyokuwa nayo tangu mwaka ule wa msiba. Tupo alisimama kando, akasubiri amalize.

Baada ya hapo ikawa Dar. Mchanga wa Chamazi, saruji ya darasani, vifuniko vya soda. Mkono uliacha kuwa na baridi asubuhi, na Margareta akaziweka glavu kabatini. Alikuwa na furaha kwamba mshipa unasonga, na aliona huzuni kwamba umeshapita kule, na vyote viwili alivisema waziwazi kwa Bi Yustina, ambaye alisema ndivyo safari zilivyo, akaomba kiberiti.

Mshipa ulifika kwenye gumba siku ya mia na sabini na nane. Margareta aligonga, Tupo akasema hapa panawasha, na gumba likasikia pini, likasikia chaki, likasikia joto la kikombe. Lakini halikujikunja. Daktari Ansbert alilishika, akalisukuma upande huu na upande ule.

"Msuli umeondoka," alisema. "Tungeanza mapema ungekuwepo."

"Mapema kiasi gani?"

"Ile siku mtoto aliposema."

Siku ya mia mbili na hamsini na moja kiganja kililetewa magome ya mpera. Asubuhi iliyofuata kilikuwa na vumbi jeupe, na vumbi hilo halikuisha. Lilikuwa vumbi la plasta, jinsi lilivyomwagika kwenye sakafu ya zahanati siku Tupo aliposimama peku kufungwa hogo. Baada ya wiki mbili Margareta alifunga mlango wa kazi, akamchukua mwanawe, wakaenda.

Nesi alikuwa yuleyule. Tupo alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Kwenye benchi alikaa mama mmoja kijana amempakata mtoto wa miaka minne aliyefungwa hogo jipya, na mtoto huyo aliitwa Jamali, kwa sababu mama yake alikuwa akimwambia, "Jamali, nyamaza."

"Nimekuja mnirekebishie faili," Margareta alimwambia nesi. "Pale mlipoandika anadeka. Hakuwa anadeka. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, na mie mwenyewe sikuelewa. Naomba muandike hivyo."

Nesi alilitafuta faili, akalipata, akalifungua. Tupo aliweka kiganja juu ya ukurasa wa kwanza ili waone, na plasta mbichi ikachuruzika, ikafunika mistari miwili. Nesi alichukua pamba yenye spiriti, akaufuta ukurasa vizuri mpaka mwandiko ukasomeka tena.

"Faili likishafungwa hatuandiki juu yake, dada," alisema. "Ndiyo utaratibu. Ila nashukuru umenijulisha. Na mtoto naona anaendelea vizuri." Akalirudisha kabatini. "Haya, Jamali. Tatizo nini, mama?"

"Amelia usiku kucha," alisema mama wa Jamali. "Anasema mkono hausikii."

"Hogo jipya ndivyo lilivyo. Atazoea."

Alianza kuandika. Margareta, aliyezoea kusoma vipimo vya wateja kutoka upande wa pili wa meza, aliisoma kalamu kichwa chini, herufi kwa herufi, na neno lilikuwa lilelile. Akamgeukia mama wa Jamali. "Mdogo wangu, usikubali. Likatwe leo hii. Wakikataa, mpeleke mjini saa hizihizi."

Yule mama alimtazama Margareta, akamtazama nesi.

"Usimtishe mwenzio," alisema nesi, bila hasira.

"Nesi ndiye amesomea," alisema mama wa Jamali. Akamvuta mwanawe karibu zaidi na kifua, akamfunika kanga.

Vidole vya Jamali vilikuwa vimebaki nje ya kanga, vimevimba, vimeanza kupauka. Tupo alisogea, akanyoosha kidole chake cha kulia, kile cha kuonyeshea, ambacho kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi hakikuwa kimesikia kitu, akagusa kimoja cha vya Jamali. Akakitoa haraka, akakitazama, akakirudisha.

"Mama," alisema. "Nasikia. Ni vya baridi."

Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ncha ya kidole chake ilisikia. Margareta alitoa daftari, akaandika tarehe, na mbele yake akaandika: *umefika*.

Nesi aliita anayefuata. Mama wa Jamali alikuwa anainuka, na Tupo alikuwa bado anavigonga vile vidole, taratibu, mara tatu, anapumzika, mara tatu tena, kama alivyofundishwa.

"Ugonile," aliviambia. "Ugonile."

Havikuitikia.