Pumzi Juu ya Kisahani

Urbain alikuwa fundi wa simu, na simu alizijua kweli kweli. Mizani ilikuwa habari nyingine. Aliipokea kwa sababu mwenyewe, Bwana Pillay, alikuwa mteja wa siku nyingi, na kwa sababu ulimi wa Urbain ulikuwa na tabia ya kusema "sharp, uncle", yaani sawa mzee, kabla kichwa hakijaulizwa.

Bwana Pillay alikuwa mstaafu wa mtaa huo huo wa Overport, mpenzi wa kulenga shabaha. Risasi zake alizijaza mwenyewe nyumbani: anachukua ganda lililokwisha kupigwa, anatia baruti upya, anafunga kichwa kipya. Baruti hiyo huipima kwa mizani ndogo ya umeme yenye kisahani kimoja, maana ikizidi kidogo tu bunduki inaweza kumpasukia usoni. Sasa mizani ilikuwa imeanza kuyumba, na Jumamosi klabu yao ilikuwa na mashindano. "Nikiiamini, nitakwenda," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Nisipoiamini, nitakaa nyumbani niangalie kriketi."

Duka lilikuwa moja, kazi mbili. Upande wa dirishani alikaa Urbain na simu zake; upande wa ndani, nyuma ya pazia, dada yake Julienne na saluni. Walitoka pamoja Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kongo, na kwa kuwa Julienne alimzidi kwa miaka mingi, baba yao alikuwa wa Julienne zaidi. Ndivyo Urbain alivyoona. Mzee alikufa yeye akiwa na miaka saba, kisha vita vikaja, nyumba ikaungua na picha zote humo ndani. Julienne alibaki na baba mzima kichwani: kicheko, kofia, namna yake ya kumega ugali. Urbain alibaki na harufu ya koti, na hata hiyo hakuwa na hakika kama ilikuwa ya baba au ya mjomba. Watu wa kanisani walipouliza amefanana na nani, Julienne alijibu bila ubaya wowote: "Huyu ni mama mutupu. Wa papa njo mimi." Yaani wa baba ni yeye. Alikuwa akisema kweli, na kweli hiyo ilimuuma mdogo wake kila mara.

Kwa hiyo mizani ilipotua mezani, Urbain hakuanza kufikiria umeme. Alimfikiria baba. Mzee alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na alipima kwa mizani ya kushika mkononi, visahani viwili vimening'inia kwenye nyuzi, vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani ndiyo mawe yake. Hayo yote Urbain aliyajua kwa kusimuliwa. Aliambiwa kwamba wakati wa kupima yeye ndiye aliyekuwa akipakatwa, kila siku, mpaka anasinzia hapo hapo. Alijaribu sana kukumbuka, hakupata kitu. Alitamani angalau kitu kimoja cha yule mzee kiwe chake.

Akaifungua mizani. Chini ya kitako alikuta chembe za baruti, na kwenye tundu la waya kutu ya kijani. Akasafisha, akafunga, akaiacha iwake mpaka izoee joto la chumba. Kisha akaweka kisahani, akabonyeza sifuri, na sifuri ikatokea. Halafu namba ikaanza kushuka chini ya sifuri, polepole, kama mtu anayetoroka kanisani kabla ya sadaka.

Akasogeza simu zote mbali. Ikashuka. Akazima taa ya tyubu iliyokuwa ikilialia juu ya kichwa chake, akakunja kadibodi akaiweka chini ya mguu wa meza ili meza isiiname. Ikashuka vile vile. Alhamisi Bwana Pillay alipita kuulizia, akaweka kisahani kwa mkono wake mwenyewe, akabonyeza, na namba ikatulia tuli. "Umeiponya," akasema. Urbain akajaribu yeye: ikashuka. Mzee wa watu akajikuna sharubu, akasema atarudi kesho, na ilionekana wazi kwamba kriketi ameshaianza moyoni.

Urbain alibaki akiitazama mizani kwa uchungu wa mtu aliyetukanwa mbele za watu. Hata hivyo fundi hakosi wa kumlaumu.

"Yaya," akamwita dada yake kupitia pazia, "zima ile mashine ya nywele. Iko inaleta upepo huku."

"Upepo gani? Si iko rideau hapa?" Julienne akajibu, akilitikisa pazia.

"Na courant ya umeme yenyewe inachezacheza. Zima kidogo, yaya, nakuomba."

"Niko na kichwa ya mutu mukononi."

Kichwa chenyewe kilikuwa cha Bernadette, mke wa mchungaji, Mrundi asiyekosa la kusema. Akasema kutoka huko ndani kwamba Julai, na baridi yake, si mwezi wa kukaa na nywele mbichi kwa sababu ya bunduki za watu. Julienne akazima hata hivyo. Akaja akasimama penye pazia, taulo begani, mikono kiunoni.

"Haya. Pima basi, nione."

Urbain akapima. Ikashuka.

"Rudia," akasema Julienne.

Akarudia. Ikashuka. Alipoinua macho, dada yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkono mdomoni.

"Nani alikufundisha ile?"

"Ile gani?"

"Ile unafanya na kisahani."

"Sifanye kitu, yaya. Naweka tu."

Julienne akanyoosha mkono, akachukua kisahani. Akakileta mdomoni, akakitolea pumzi ya moto, haa, mpaka bati likafifia kwa ukungu. Kisha akakiinamisha kuelekea mlangoni, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Njo hivi unafanya. Kila mara. Unapuliza, unageuzia mulango, njo unaweka."

Urbain alitaka kukataa. Lakini mkono wake uliijua ile njia.

"Wachimbaji walikuwa wanaogopa kuibiwa," Julienne akaendelea, sauti imeshuka. "Mutu anaweza kupaka nta ku kisahani, vumbi ya dhahabu inashikamana pale. Basi papa alikuwa anapuliza kwanza. Kama iko doa, mvuke unaionyesha. Halafu anamugeuzia muchimbaji, aangalie mwenyewe. Muchimbaji anasema, 'Nimeona. Pima.' Njo papa anapima. Mimi nilikuwa nasimama tu kule mulangoni, nayaona. Mukono yangu haikuyashika. Wewe ulikuwa ku magoti yake."

Furaha na uchungu vilimjia Urbain kwa pamoja, akashindwa kujua alie au acheke, akaishia kufuta meza iliyokuwa safi.

"Kuna mtu amekufa huko?" Bernadette akauliza.

"Alikufa zamani, mama pasteur," Julienne akajibu. "Ngoja kidogo."

Ugonjwa wa mizani sasa ulikuwa wazi. Bati lilikuwa la baridi, pumzi ilikuwa na maji, na Urbain alikuwa akibonyeza sifuri na maji yale yakiwa bado juu. Yakikauka, kisahani kinapungua uzito. Vijiti vya kiberiti vya mzee visingejua tofauti hiyo. Urbain akakifuta kisahani kwa kitambaa kikavu, akageuza uso pembeni, akaweka. Sifuri ikakaa. Mkono ulitaka kwenda mdomoni tena na tena, na Julienne akaupiga kofi dogo kila ulipoanza safari.

Ijumaa Bwana Pillay alikuja na jiwe lake la kupimia, akajaribu mpaka akaridhika.

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Kutu kidogo, uncle. Iliyobaki ilikuwa yangu."

Mzee hakuelewa, lakini alitoka akitembea kama mtu mwenye Jumamosi.

Julienne akatokea nyuma ya pazia na kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele, amekiosha na kukikausha. Akakiweka mbele ya mdogo wake, akazunguka meza, akaenda kusimama mlangoni.

"Fanya."

Urbain akakiinua, akakitolea pumzi, akamgeuzia.

Julienne alikiangalia mpaka ukungu ulipokwisha.

"Nimeona," akasema. "Pima."