Kioo cha Njiwa Wawili

Sebuleni kwa Dorcas, kule Pasiansi, kulikuwa na kioo ambacho hakuna mgeni aliyekipita bila kuweka kola yake sawa. Fremu yake ilikuwa ya mti mweusi, nzito kama mlango. Kwenye sehemu ya juu, nyuma ya glasi, palikuwa na picha ya kuchapwa kwenye karatasi: njiwa wawili wanatazamana katikati ya maua meupe.

Kilikuwa cha bibi yake, Teodora. Masista wa misheni walimpa zawadi siku alipofunga ndoa, mwaka 1938, na tangu hapo kikawa kinahama na mabibi harusi wa ukoo. Teodora akampa binti yake Angela, Angela akampa Dorcas. Sasa zamu ilikuwa ya Precious, binti pekee wa Dorcas, ambaye harusi yake ilikuwa imebaki wiki tatu. Tatizo ni kwamba Precious alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Gauni nitakushonea," Dorcas alimwambia. "Keki utakata. Ng'ombe wa mahari yako tumeshapokea. Lakini kioo hapana. Bibi Teodora alikwenda altareni msichana, mama yangu vilevile, na mimi vilevile. Kioo hiki hakijawahi kumwona bibi harusi mwenye tumbo."

"Umejuaje, mama? Ulikuwepo?"

"Mwaka 1938? Usinichokoze."

Precious alicheka, ila jioni ile Dorcas alimkuta anakifuta kioo kwa pindo la kanga, polepole, kama anayemuaga mtu stendi. Dorcas akarudi chumbani. Kesho yake akaanza novena ya kumwombea binti yake toba, siku tisa, na akaona moyo hautulii hata kidogo.

Siku ya saba alikipeleka kioo Nyakato kwa Machibya, fundi wa fremu. Unyevu ulikuwa umemfikia njiwa wa kushoto, akavimba shingo. Dorcas alitaka kitengenezwe, kisha kimsubiri Rose, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa bado kidato cha pili na hana habari na mtu.

Machibya alikilaza kifudifudi juu ya gunia. Aligonga ubao wa nyuma, akanusa, akapitisha kidole kwenye misumari.

"Hiki hakijafunguliwa tangu kitengenezwe," alisema. "Ona kutu. Kila msumari umekaa kwenye tundu lake la kwanza."

"Ni cha mwaka 1938, fundi. Taratibu."

"Mimi huwa taratibu. Vioo ndivyo vyenye haraka."

Aling'oa ubao, akainua karatasi ya njiwa kwa kisu chembamba na kuigeuza. Nyuma yake hapakuwa peupe. Palikuwa na ukurasa wa kalenda: Aprili, tarehe zote thelathini, mwaka umekatwa na mkasi. Ijumaa ya tarehe 23 ilikuwa na msalaba mdogo. Jumapili, tarehe 25, ilikuwa nyekundu, na pembeni yake kondoo amebeba bendera.

"Pasaka," alisema Machibya.

"Tarehe ishirini na tano?" Dorcas aliinama mpaka miwani ikakaribia kudondoka. "Fundi, mimi sijawahi kusali Pasaka tarehe hiyo. Pasaka haichelewi hivyo."

"Basi mama, mwaka wake utakuwa rahisi kuupata."

Hapo alisema kweli. Nyumbani, Dorcas alichukua misale kuukuu, kitabu cha misa cha marehemu mama yake, ile yenye jedwali la sikukuu zinazohama. Alishuka na kidole kuanzia 1930. Machi, Aprili mwanzoni, Aprili katikati. Alifika mwisho wa jedwali akakuta Pasaka ya tarehe 25 Aprili mara moja tu: mwaka 1943.

Alikaa kitandani. Masista wasingekata kalenda ambayo mwaka wake haujaisha. Kwa hiyo kioo kilitengenezwa mwishoni mwa 1943 au baadaye, na kilitolewa siku ya ndoa. Lakini mama yake, Angela, alizaliwa 1939.

Akampigia mjomba wake Chenge, mzee wa miaka themanini na mitano, anayekaa karibu na Kigongo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, kuna mbuzi hapa."

"Mjomba, bibi Teodora alifunga ndoa lini?"

"Ipi? Ya ng'ombe au ya padri?"

"Ya padri."

"Hiyo nilikuwepo. Ng'ombe walitoka 1938. Ya padri ilikuwa Krismasi ya arobaini na nne. Baba yetu, Mzee Ndalahwa, alikuwa anafeli mtihani wa katekisimu kila mwaka. Akirudi malishoni, anakaa na kitabu mpaka anasinzia, halafu akifika mbele ya padri anasahau Amri ya Sita, ile ya uzinzi."

"Na nyinyi?"

"Mama yako alishika maua. Mimi nilipewa mkate wenye jamu, nikaupaka kwenye gauni la mama, hapo mbele, kwenye tumbo. Shimba, mdogo wetu, alikuwa ndani anapiga mateke."

"Mbona hamkuwahi kusema?"

"Nani aliuliza?"

Dorcas aliweka simu chini, akapiga magoti. Alitafuta maneno ya siku ya saba, akaona hayamfai. Akasema tu, "Bwana, nimekusumbua kwa jambo nisilolijua," kisha akacheka peke yake mpaka Precious akaja kuchungulia mlangoni.

"Mama, kuna nini?"

"Vaa viatu. Twende Nyakato, fundi akuone."

"Anione mimi? Kwani mimi ni fremu?"

Njiani alimsimulia yote, mkate wenye jamu ukiwemo. Precious alishika tumbo kwa mikono miwili, akageukia dirishani.

Machibya alikuwa tayari amemkausha njiwa na kuchukua nyundo.

"Narudisha ubao na misumari yake ileile, mama?"

"Usipige misumari," alisema Dorcas. "Weka bawaba, ufunguke. Anayekuja baada ya huyu naye aione hiyo Aprili."