Saa ya Povu

Povu alikuwa anasuuza glasi, gauni lake la harusi limetundikwa kwenye msumari juu ya gunia la vitunguu, limefunikwa mfuko wa plastiki lisije likanuka mchuzi. Jina hilo alipewa jikoni. Mwosha vyombo aitwe nani tena?

Ukumbini kulikuwa na harusi ya wenye nacho. Ikiisha, kabla maua hayajabanduliwa, Povu naye aolewe humohumo: saa moja tu, tisa mpaka kumi, ambayo malipo yake yalikwishakatwa kwenye mshahara wake. Na saa tisa ilishapita kitambo.

"Sasa namwita mjomba mwingine wa bwana harusi!" mshereheshaji akanguruma.

"Ukoo gani huu?" shangazi yake Povu akauliza kule jikoni, walikokuwa wakisubiri. "Wajomba wanatoka kama kumbikumbi!"

Bwana harusi wa Povu, fundi makochi, hakucheka. Suti ya kuazima ilimbana kwapa. Pembeni yake msajili wa ndoa alitazama saa.

"Saa kumi kamili naondoka. Mkinikosa leo, mnaanza upya: maombi upya, ada upya."

Povu akafuta mikono, akamfuata meneja mlangoni.

"Bosi, muda wangu unakwisha."

"Wenzako bado wanakula."

"Si nimelipia?"

"Umelipia. Na wao wameongeza hela ili wasisumbuliwe."

"Saa hiyohiyo?"

Meneja akajikuna shingo. "Povu, biashara haina undugu. Subiri mwezi ujao."

"Na hela yangu?"

"Utaratibu haurudishi."

Povu akageuka. Alirudi jikoni, akajifungia stoo. Alipotoka amevaa gauni, viganja bado vimekunjamana kwa maji, shangazi akaziba mdomo. Fundi makochi akasimama mwenyewe bila kuambiwa.

"Twende," Povu akasema. "Baba msajili, njoo na karatasi zako."

Wakaingia. Mjomba aliyekuwa anahutubia akakatika katikati ya neno.

"Shikamoo, mjomba," Povu akamwambia. "Samahani, kaa kidogo. Saa hii ni yangu."

Wageni wakatua vijiko. Msajili, jasho likimtiririka, akasoma harakaharaka kama anayefukuzwa na mbwa.

"Unakubali?"

"Povu!" meneja akafoka kwa kunong'ona. "Jumatatu usije!"

"Nakubali," Povu akasema.

Wageni wakapiga makofi. Aliyeshiba hupigia makofi chochote. Meneja hakupiga. Aliziangalia meza zilizofurika sahani chafu, kisha akamsogelea shangazi, ambaye viatu vyake vilivyochakaa vilishamweleza kuwa mama huyu kazi hana.

"Mama, wewe unajua kuosha vyombo? Nafasi ipo. Kuanzia sasa hivi."

Shangazi akamtazama mpwa wake, akazitazama zile sahani. Kazi alikuwa anaitafuta tangu mwaka jana.

"Kuosha najua, mwanangu," akasema, akivuta kiti katikati ya wajomba. "Ila leo nimealikwa."