Mizizi ya Chuma mu Shamba ya Kavira

Hii habari niliambiwa na Florentine, muke wa mutoto wangu, siku ya posho, ni kusema jumamosi iliyopita, tukiwa tunapukuchua maharagi ku baraza. Alikuwa ametoka kwa mama yake Kavira, kule kilimani upande wa Maboya, pembeni ya barabara ya Butembo na Beni. Nilimwomba aanze tena, juu sikuelewa. Hata sasa sijui kama nimeelewa yote, lakini naandika vile alisema.

Kavira ni mujane. Bwana yake, Muyisa, alimwachia shamba ya maharagi, na inapakana na ya Siméon, mudogo wa marehemu. Siméon alikaa sana Butembo, anatengeneza maredio ku atelier. Sasa amerudi kilimani. Nyuma ya nyumba yake akasimamisha muti wa eucalyptus, akafunga pale bomba ya aluminium inayopanda juu kuliko kanisa.

Batu baliuliza. "Siméon, ni réseau ya telefone?"

"Hapana, ni redio."

"Ya kutupatia habari?"

"Hapana, ya kuzungumuza. Mimi naita, mutu mwenye redio kama hii, mbali kabisa, ananijibu."

"Mutu gani?"

"Simujui."

"Na munaongea nini?"

"Tunasalimiana. Ananiambia kama ananisikia muzuri."

Chef wa kilima alikuwa ameisha kuona ruhusa ya serikali, akasema iko sawa, mais hata yeye alitikisa kichwa. Mutu ajenge kitu kirefu vile, juu ya kuuliza mutu asiyemujua kama anamusikia?

Siku moja Siméon alikuja kwa Kavira. "Shemeji, nitapitisha nyuzi mu shamba yako. Zitalala chini ya udongo, hazitaharibu kitu."

Kavira aliitika, juu ni shemeji. Lakini asubuhi alipofika shambani, alikuta nyuzi za shaba zimetoka ku ile bomba zinakwenda kila upande, na ku mwisho wa kila uzi Siméon alipiga kijiti, asisahau mahali umefika. Vijiti katikati ya maharagi!

Kwetu huku mutu akiona vijiti vile, haulizi tena. Ni kupima. Kilima kinakatwa parcelles, vipande vya kuuzisha, na baadaye unaona gari ya matofali ya mutu usiyemujua. Kavira alikaa chini. Ile shamba ndiyo inamulisha. Ikienda, yeye ataenda wapi?

Jioni akapita karibu na dirisha ya Siméon, akamusikia: "Neuf Q... neuf Q..." Anataja herufi na hesabu, ananyamaza, anangoja, anataja tena. Kavira akarudi mbio kwa Florentine, aliyekuwa amekuja kumutembelea.

"Mutoto, anauzisha! Amefika ku parcelle ya tisa."

"Mama, umuulize."

"Nimuulize mwizi kama anaiba?"

Siku Siméon alishuka Butembo kutafuta batri, Kavira aliita bamama wa kanisa. Bakaja na majembe, bakachimba mupakani mwote, bakapanda ile miti ya majani marefu tunayopanda kuonyesha mipaka. Banachimba, banaimba. Jembe ikigonga uzi, banakata, banaendelea.

Sasa ikawa zamu ya Siméon kutoelewa. Alirudi, akaona ile miti, akaipita, juu mupaka ni mupaka. Jioni akaita, hakuna jibu. Akafungua redio, akafunga. Akabadilisha batri. Akapanda juu ya ule muti wa bomba.

"Baba mudogo," Florentine akamuita, "unamutafuta nani kule juu?"

"Natafuta sauti!"

Akatafuta vile siku na siku, hadi alipofuata uzi mumoja na mukono, polepole mu udongo, akafika chini ya miti mipya.

"Shemeji, nani alikata nyuzi zangu?"

"Mimi. Kama kuko zingine, unionyeshe nizikate."

"Mais juu ya nini? Bila zile nyuzi bomba haisemi! Ile ni mizizi yake."

Pale ndipo aliharibu kabisa. Kwetu, mutu uliyemwazima shamba atapanda maharagi, atapanda viazi, hakuna shida. Akipanda muti wa kukaa, wenye mizizi, amesema udongo ni wake. Kila mutu anajua. Siméon naye anajua, labda Butembo ilimusahaulisha.

"Mizizi?" Kavira akasema polepole. "Umetia mizizi mu shamba ya Muyisa?"

"Hapana, shemeji... ni nyuzi tu. Hazinywi maji. Ni... donc, umeme ikishuka..." Florentine anasema alikuwa kama mutu anatafuta mulango mu nyumba yake mwenyewe.

"Na zile hesabu za jioni?"

"Ni jina yangu ya redio!"

"Uko na jina ya hesabu? Nani alikubatiza?"

"Serikali."

Kavira akafunga kitambaa yake vizuri kichwani. "Mutu akitia mizizi mu shamba ya mwengine, anasimama mbele ya batu, anasema udongo ni wa nani. Wewe unasema unaongea na batu. Bon. Sema mbele yao."

Siméon akang'oa vijiti vyote. Akaunga nyuzi, akazipitisha chini ya miti bila kugusa hata muti mumoja. Jua likiingia, bakakaa mbele ya redio. Ikalia kama mvua ku mabati, ikapiga miluzi, kisha sauti ya mwanaume ikatoka, kwa Kifaransa, inasema iko ku kisiwa ya Réunion. Siméon akasema polepole, naye kwa Kifaransa, ili shemeji yake afuate: nyuzi za antenna yangu ziko mu shamba ya mama Kavira, mujane wa Muyisa. Udongo ni wake, hapana wangu.

Siméon akainamia redio.

"Bien reçu, nimekusikia muzuri," sauti ikajibu. "Shamba ni ya madame Kavira. Bonsoir, madame."

Kavira aliangalia nyuma ya redio. Hakukuwa kitu. "Bonsoir," akaiambia. Kisha: "Shemeji, siku ya maneno mbele ya chef, ule mushahidi tutamuita namna gani?"

"Tutamuita na hii redio."

"Na kama ni wewe nakushitaki?"

Siméon akaangalia redio, akamuangalia shemeji yake.

"Basi kesho utanifundisha kuiwasha."

Siméon akaizima, akaenda kulala. Kavira na Florentine bakalala kitanda kimoja.

"Florentine," mama yake akasema mu giza, "sauti yake inapita mu maharagi yangu?"

"Sijui, mama."

"Na maharagi haisikii?"

"Sijui."

Kisha Florentine akasikia mama yake anakoroma. Yeye akabaki na lile swali, akaligeuza huku na huku, hakuona mwisho wake, naye akalala.