Sweta la Damu ya Mzee

Binti yangu Ainebyona tulimzika Februari, kwenye shamba letu la migomba hapa Bugomora. Mwezi wa nane nilimwona barabarani.

Nilikuwa nimepanda pikipiki, natoka kumjulia hali dada yangu aliyeko Kimuli. Pale njia panda ya Kimuli walikuwa wamesimamisha bango jipya la shule, pana kuliko mlango wa kanisa, na aliyekuwa akicheka juu yake alikuwa Aine. Nilimgusa dereva begani asimame. Ilikuwa picha yake ya Komunio ya Kwanza, ile ile tuliyoibeba mbele ya jeneza. Lakini shela walikuwa wamelifuta, na mshumaa aliokuwa ameushika ulikuwa umegeuka kitabu. Juu ya gauni walikuwa wamemvika sweta la damu ya mzee lenye nembo ya shule. Aine hakuwahi kusoma shule hiyo. Alisoma hapa kijijini, na sweta lake lilikuwa la kijani.

"Ni wako?" dereva aliuliza. "Hongera. Ada ya pale si mchezo."

Nilimwambia twende.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Theoneste, aliyeipiga picha ile. Ana chumba kimoja pale senta, pazia la buluu ukutani na stuli moja mbele yake. Baba yake alikuja kutoka Rwanda zamani kuchuma kahawa za watu. Yeye akajifunza kamera. Kuna miaka ambayo siku ya Komunio watu walipanga foleni mlangoni kwake. Siku hizi kila mjomba ana simu.

Nilipomweleza, alichouliza kwanza ni hiki: "Jina langu lipo? Chini, kulia?"

"Sikuona jina."

"Wamelikata!" Alipiga meza. "Mama Aine, hawa nimewashika. Yule mzee wa kule Kanoni niliyempiga picha yuko kwenye pakiti za kahawa, sijaonjeshwa hata kikombe. Nyingine iko kwenye kalenda. Ukiwauliza wanasema wameitoa mtandaoni, kama vile mtandao ni mpera wa njiani, kila apitaye anachuma. Safari hii picha halisi ninayo kwenye kamera. Na sheria inasema picha ni ya aliyeipiga."

"Mimi nilikulipa, Theoneste."

"Ulilipia karatasi, mama."

Nadhani alisikia alichosema. Alivuta stuli nikae, akaniuliza taratibu ninataka nini.

"Nataka atoke barabarani."

Kesho yake tulikwenda wote shuleni. Mkuu wa shule, Mwalimu Gosbert, alituagizia soda. Alinipa pole, akasema kijana wao wa matangazo ndiye aliyeichukua picha, na hawakujua kama mtoto ni marehemu. Nilimwamini. Lakini alipoelewa kwamba mwenye picha kisheria ni Theoneste, alikigeuza kiti chake, na tangu hapo nilikuwa natazama bega lake.

"Tuyamalize kiungwana, bwana Theoneste. Bango lisimame mpaka Januari, tukimaliza kuandikisha watoto. Jina lako tutaliweka. Na picha zote za shule, mahafali, vitambulisho, utapiga wewe."

Theoneste alikuwa ameshika chupa bila kunywa. "Nipe siku mbili, mwalimu."

Njiani alitembea mbele yangu, halafu akasubiri. "Vitambulisho vya shule nzima, Mama Aine. Mimi nimekopa mpaka wino." Kisha akasema, "Na pale si kwamba wamemtukana. Ametokea vizuri."

"Mdogo wake ameniomba nimpeleke akamsalimie," nilimjibu. "Ameambiwa na wenzake kwamba dada yake yuko Kimuli."

Alitembea tena mbele yangu mpaka tulipoachana.

Siku mbili zile sikulala vizuri. Mume wangu Melkiory aliacha kupita njia ya Kimuli. Alizungukia bondeni na baiskeli yake, mkungu umefungwa nyuma. Mimi nilienda kisimani, na Benadeta, jirani yangu, ambaye ulimi wake humtangulia, akanipokea: "Mama Aine! Binti kafufukia ingilishi midiamu!" Wanawake wawili walicheka, halafu wakaona uso wangu. Benadeta aliutua mtungi wake, akanitwisha ndoo yangu, akanisindikiza mpaka nyumbani. Sijawahi kumwona akinyamaza kiasi kile.

Theoneste alikuja jioni ya siku ya pili. Hakutaka kuingia ndani.

"Nimewaambia waliteremshe. Kazi yao wampe mwingine."

"Asante, Theoneste."

"Usinishukuru. Nawashtaki. Nimepata wakili kule Kayanga mjini."

Bango liliteremshwa. Nilidhani yameisha. Wiki iliyofuata Benadeta akaja akikimbia, ameshika khanga kifuani.

"Aine yuko kwa bibi Kokwijuka. Mama wa mlinzi wa shule. Ameanikia kahawa juu yake."

Nilikwenda kwanza kwa Theoneste. "Si ulisema picha ni yako? Waambie."

"Picha ni yangu," alisema. "Turubai la bango ni la shule, na shule imempa mlinzi. Hapo sina sheria, mama."

Basi nikaenda mwenyewe. Bibi Kokwijuka alikuwa ameinama uwanjani, akigeuza kahawa kwa reki ya mbao. Katikati ya kahawa lilitokeza jicho moja na kipande cha paji la uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita huko pembeni, usinikanyagie kahawa, imekaribia kukauka." Alionyesha chini kwa mpini wa reki. "Umeona turubai nililoletewa? Halipitishi maji hata tone. Na haka katoto nakasalimia kila asubuhi. Hakajibu. Watoto wa siku hizi!"

"Ni wangu, bibi. Alifariki Februari."

Aliiacha reki ikaanguka. Alinipa pole kwa Kinyambo, maneno yale ya kumwambia mfiwa, kisha akajishika kichwa. "Na mimi nampitishia reki usoni!" Tulikaa chini wote wawili. Baada ya muda akasema, "Mchukue. Lakini kahawa yangu nitaiweka wapi? Hilo wingu unaliona."

Nilirudi nyumbani nikaleta turubai letu la kuanikia. Tuliihamisha kahawa kwa mikono na beseni kabla mvua haijashuka. Nikamkunja Aine, nikajitwika kichwani. Alikuwa mzito, na alinuka kahawa.

Tulimweka chini ya kitanda. Melkiory aliuliza tutamfanyia nini, nikasema sijui.

Theoneste akaja tena. Shule ilikuwa imemjibu wakili kwamba bango kama hilo halikuwahi kuwapo. Picha ya bango aliyokuwa ameipiga kwa simu pale njia panda walisema ameitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta.

"Wakili anataka turubai lenyewe lifikishwe Kayanga."

"Aine haendi kutundikwa ofisini kwa mtu."

"Bila hilo sina kesi, Mama Aine." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ile kazi niliiacha kwa ajili yako."

"Najua."

Hatukuwa tunagombana. Ingekuwa afadhali tungegombana. Mwishowe nilimwambia anisaidie, tukalivuta turubai tukalitandaza uwanjani. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama karibu. Kahawa ilikuwa imemwachia madoa mashavuni. Theoneste alipiga magoti, akaweka kidole pale sweta linapoishia shingoni.

"Ona hapa. Hawakufunika vizuri."

Chini ya kola kulikuwa kumebaki ukingo mweupe wa lesi. Niliishona mimi ile lesi, kwa mkono wangu usio mzuri; mshono umepinda, na kwa jinsi ulivyokuzwa kila mtu angeuona umepinda.

"Kwenye kamera imetokea hivi hivi," alisema. "Hii peke yake inatosha kuonyesha ni picha yangu. Lesi, nembo yao, namba yao ya simu."

"Uso huuhitaji?"

Alitazama uso, kisha lesi. "Wakili atanishangaa."

Niliingia ndani nikachukua mkasi. Nilipouweka kwenye turubai, yeye aligeuza macho kama mtu anayechomwa sindano. Picha ile ilikuwa nzuri. Labda ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Kisha akageuka tena, akashika turubai kwa mikono miwili, akalivuta likaze.

"Fuata kidevu," alisema. "Polepole. Lesi niachie mimi."