Bamba la Pikipiki ya Ambindwile

Pikipiki ilishushwa Ibighi, mjini Tukuyu, siku ya Jumatano, mvua ikinyesha, kutoka kwenye lori lililopita Zambia yote na kuvuka Tunduma. Ilikuwa nyekundu, ina magurudumu manne manene, ya wale watu wanaoshindana kurukaruka vilima huko Afrika Kusini, na kiti chake kilitosha mtu mmoja tu. Ilikuwa miaka ya soko huria, macho ya watu yalikwisha kuzoea redio za Dubai na mitumba ya Ulaya, lakini hii iliwashinda. Mama wa genge aliacha ndizi zake, karani wa posta akatoka na mhuri mkononi. Vijana wakaibatiza papo hapo: Chura.

Atupele aliletewa habari Kisondela akiwa shambani. Mume wake, Ambindwile, ameleta mashine. Hakunawa hata miguu. Alishuka na kupanda vilima vyote mpaka mjini akijiambia asikimbie, mke wa mtu hakimbii barabarani, na huku anakimbia.

Dereva wa lori alikuwa amemsubiri na ujumbe wa mdomo. "Mumeo anasema, kabla mtu hajaipanda, wekeni bamba la chini. Anasema anayajua mawe ya Kisondela."

"Akasema nini kingine?"

"Basi."

Miaka minne mtu yuko Johannesburg, halafu anatuma maneno yanayoenea kwenye kiganja. Lakini Atupele aliyapokea akayageuza kila upande njia nzima ya kurudi. Anayajua mawe ya Kisondela. Mtu asiyekusudia kurudi atayakumbuka mawe ya nini? Angekuwa amehamisha moyo wake, angetuma vitenge na picha, akamaliza. Yeye amefikiria barabara ya kwao, ile yenye mawe meusi yaliyochomoza kama magoti, akafikiria jinsi yatakavyoligonga tumbo la mashine yake. Usiku ule alilala vizuri, jambo ambalo lilikuwa limempotea.

Alitaka kujua neno moja tu. Je, anarudi kukaa? Hakutaka fedha wala bati jipya la nyumba. Alitaka kumsikia yule mwanamume akikohoa ugani asubuhi, akitafuta kiatu kilichokuwa mbele ya macho yake na kumlaumu yeye kwa kukificha. Mambo ya upuuzi kabisa. Alikuwa anayataka mpaka kifua kinauma.

Ijumaa alirudi mjini, kwenye karakana ya Husseni, alikokuwa ameiacha mashine. Husseni alikuwa fundi wa kuchomelea. Babu yake alitoka Kilwa na cherehani kichwani, na yeye alizaliwa hapo hapo Tukuyu, akasoma na Ambindwile darasa moja na kuchapwa naye fimbo moja. Aliipenda ile pikipiki kuliko ilivyostahili.

"Shemeji, njoo uone aibu hii," alisema, akainama. "Waliotengeneza waliweka kibati mbele tu, kama aproni ya mpishi. Nyuma kote wazi. Hapa injini, hapa mnyororo, hapa sahani ya breki. Jiwe moja la kwenu, oili yote inabaki barabarani."

Atupele alivua ndala zake, akachuchumaa kwenye sakafu ya saruji, akatazama. Ni kweli, tumbo lilikuwa wazi. Alisikia kulihurumia.

Husseni alikuwa ameegemeza mabamba matatu ukutani. La kwanza lilikuwa la plastiki nyeupe, nene kama ubao wa kukatia nyama buchani. "Hili linateleza juu ya jiwe, wala halipigi kelele. Lakini jiwe lenye ncha litalichimba, na likiisha sina jingine." La pili la aluminiamu, alilikata kwenye bodi ya lori lililokufa. "Jepesi, halijui kutu, na Chura atabaki na mbio zake. Ila likigongwa mara kwa mara linabonyea kwenda juu, siku moja linaigusa injini." La tatu lilikuwa chuma cheusi cha milimita nne. Aliligonga kwa nyundo, likalia sauti ya kanisani. "Hili litaua mbio. Mvua ya hapa italitia kutu nisipolipaka rangi kila mwaka. Lakini hili utawarithisha wajukuu."

Wajukuu. Atupele hakuwa na mtoto hata mmoja, alitazama pembeni.

"Nitatoboa tundu la kumwagia oili, na matundu madogo ya matope kutokea," Husseni aliendelea, maana fundi akishika kazi haoni uso wa mtu. "Bolti nitazizamisha vichwa, zisikatwe na mawe. Katikati nitaweka vipande vya mpira wa tairi, lisipige kelele. Hayo niachie mimi. Wewe niambie moja tu, ndilo litakaloamua. Mwenyewe anakuja kutembea au anakuja kukaa? Kwa wiki mbili tatu, aluminiamu inatosha kabisa. Kwa miaka, ni chuma."

Swali alilobeba miaka minne, na leo anaulizwa yeye.

Hapo ndipo kikohozi kiliposikika nje, na fimbo ikigonga jiwe la mlangoni. Atupele alikijua kikohozi hicho kuliko chochote, kwa kuwa kwa miaka sita ya ndoa kilikuwa ndicho kengele yake. Alijitupia kanga kichwani, akapenya nyuma ya ukuta wa mabati uliogawa karakana, akasimama kati ya mitungi ya gesi.

Alikuwa mzee Andongwisye, baba mkwe wake. Kwa desturi yao Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Mke hamtazami usoni, hataji jina lake, hawakai chini ya paa moja, wala neno halitoki kwa huyu kwenda kwa yule. Wako vijana wa mjini waliokwisha kuicheka desturi hiyo. Mzee Andongwisye hakuwa kijana wa mjini. Mama mkwe alipokuwa hai ndiye aliyekuwa daraja, alichukua maneno huku akayapeleka kule, mengine akiyatia chumvi. Alifariki mwaka uliopita. Tangu hapo nyumba mbili za uga mmoja zilikaa kimya.

"Shikamoo mzee," Husseni alisema kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

"Malahaba, mwanangu."

Mzee aliingia hatua mbili, akasimama. Ndala za Atupele zilikuwa pale pale kando ya gurudumu, za bluu, moja imeshonwa kwa waya. Atupele aliziona kupitia tundu la msumari kwenye bati, akatamani ardhi ipasuke. Mzee alizitazama kwa muda mrefu. Halafu akazizunguka kwa mbali, kwa heshima, kama mtu anayezunguka kaburi, akaenda kukaa kwenye tairi la upande wa pili na kuupa ule ukuta wa mabati mgongo.

"Umefikia wapi?" aliuliza.

"Nilikuwa nauliza, mzee, tuweke bamba lipi. Jepesi la kutembelea au zito la kukaa."

Fimbo ya mzee ilichora kitu kwenye vumbi, ikakifuta.

"Husseni, masikio yako yanasikia visuli?"

"Yanasikia."

"Maana nitasema kwa sauti. Nina balua tangu Pasaka. Ilikuja kwa jina langu. Mke wangu angekuwepo, angeifikisha inakotakiwa. Hayupo. Nikasema nimtume mchungaji, nikaona aibu. Nikasema nimtume jilani, kesho yake ingekuwa gengeni. Basi nakwambia wewe, fundi, kwa ajili ya bamba lako. Mwanangu anakuja Desemba. Wiki mbili. Atatembea na mashine hii, kisha iuswe, aludi. Kule ana mke. Ana mtoto wa kiume, miaka miwili sasa. Hakai, Husseni. Mwanangu hakai."

Husseni hakujua aweke wapi mikono.

"Weka lile jepesi," mzee alisema. "Na usiniulise tena."

Nyuma ya bati Atupele alikuwa ameshika mtungi wa gesi kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi. Alichokisikia kwanza hakikuwa hasira, hasira ilikuja baadaye na kukaa muda mrefu. Kwanza alimwonea huruma yule mzee, aliyebeba barua tangu Pasaka mpaka Agosti na kuipita nyumba yake kila asubuhi. Kisha akasikia sauti ikitoka, akatambua ni yake.

"Fundi."

Husseni aliruka. Mzee hakugeuka, aliinamisha tu kichwa.

"Fundi, sema nao hapo," alisema, akimtaja mzee kwa wingi kama heshima inavyotaka. "Waambie mashine haiuzwi. Dereva aliikabidhi kwangu. Nitaifungia chanja nyuma, nitashushia maparachichi barabarani, mgongo wangu umechoka. Weka chuma. Uliuliza nani anakaa. Mimi ndiye ninayekaa."

Husseni aligeuka kwa mzee, na kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa, alianza kurudia: "Mzee, anasema..."

"Nimesikia," mzee alisema. Alijishika kwenye fimbo akainuka. "Mwambie mwanangu wa kike, chuma ni vema. Mwambie ndaga fijo." Ni asante kubwa kwa Kinyakyusa, na miaka yote sita hakuwahi kumpelekea neno hilo kwa mdomo wa mtu yeyote. Akakohoa mara mbili mlangoni, ajulikane kuwa anaondoka, akaenda zake.

Atupele alitoka. Husseni hakumtazama, alichukua chaki akaanza kupima chuma chini ya injini, na Atupele akalishika bamba upande wa pili lisihame. Cheche ziliruka, yeye akageuza uso, na machozi yalipata kisingizio.

"Bolti sita au nane?" Husseni aliuliza mwishoni.

"Nane."

Lilikuwa zito, lilimvuta mikono chini, naye hakuliachia. Ilikuwa Agosti. Angali amelishika, na huku anayajua yote aliyokwisha kuambiwa, alijikuta anahesabu kwenye midomo yake, bila sauti: Septemba, Oktoba, Novemba.